Mawe ya Wazee Wetu na Kaburi la Bibi Amina



Mtu wa Adumi hana haja ya kuelezwa mawe ninayoyasema. Ni vipande vya jiwe gumu la milimani, vingine vimesimikwa ardhini, vingine vimelazwa juu ya vile vilivyosimikwa kama paa, mpaka pakapatikana kijumba kidogo ambacho hata ndama hawezi kupenya. Kwa Kilugbara huitwa orijo, yaani nyumba ya ori, na ori ni wafu wa ukoo ambao majina yao bado yanatajwa. Zamani vijumba hivyo vilikaa uani, karibu na ghala la nafaka. Pembeni yake kuna makaburi ya wazee, na juu ya kaburi la mzee mkubwa pengine pamewekwa jiwe au pamepandwa mti. Nyumba nyingi hazina tena mawe hayo. Zilizobaki nayo zina ukoo uliogawanyika: huyu Mkatoliki, huyu Mwanglikana, huyu Mwislamu, na mzee mmoja ambaye hajaingia popote, na ndiye peke yake anayejua jiwe lipi ni la nani.

Basi kijana Mwislamu akirithi kiwanja chenye mawe hayo, afanye nini? Swali hili si la kubuni. Tangu Arua ilipofanywa jiji mwaka 2020, mji umeingia mashambani, na ugawaji wa urithi unawalazimisha watu kuamua mambo ambayo babu zao waliyaacha yalale. Katika mazungumzo yetu ya baada ya darsa nimesikia majibu mawili. Wa kwanza wanasema: vunja, ni masanamu. Wa pili wanasema: acha, ni utamaduni. Naona majibu yote mawili yametolewa haraka. Wa kwanza hawajauliza jiwe lile lilifanya kazi gani, na wa pili wanatumia neno utamaduni kama blanketi la kufunikia kila kitu wasichotaka kukipima.

Tuanze na kazi yake. John Middleton, Mwingereza aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952 na kuchapisha kitabu chake kuhusu dini yao mwaka 1960, ameyaeleza mambo haya kwa urefu, na wazee wetu wanaosimulia hawatofautiani naye sana. Mtu akiugua, jamaa walijiuliza: amemkosea nani? Iliaminiwa kwamba mzee akidharauliwa na kijana wake huumia moyoni, na wafu wa ukoo, wakisikia maumivu yake, humletea yule kijana ugonjwa. Mpiga ramli aliulizwa ni mfu gani anayedai. Mnyama aliwekwa nadhiri. Mgonjwa akipona, jamaa walikusanyika, mzee akasimulia mbele ya watu ugomvi ulivyoanza na ulivyokwisha, mnyama akachinjwa, sehemu yake na pombe kidogo vikawekwa kwenye orijo, na nyama iliyobaki ikagawanywa kwa ndugu kwa utaratibu ambao kila mtu aliujua. Asiyekuja kula alikuwa ametangaza kwamba bado ana kinyongo.

Kwa hiyo pale kwenye mawe palikuwa na mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Palikuwa na madhabahu, na palikuwa na baraza la usuluhishi. Hili la pili huwa tunalisahau. Kijana akirudi likizoni na nyundo akavunja orijo ya babu yake, amevunja madhabahu, sawa, lakini wale baba zake wawili wasiosemezana kwa miaka mitano wamebaki hivyo hivyo, na mahali pa kukutana hapapo tena. Aliyeondoa baraza la wazee bila kuleta sulhu ya Kiislamu mahali pake asishangae watu wakirudi kwa mpiga ramli usiku.

Upande wa madhabahu, hukumu yetu haina mjadala. Suratul-Maida, aya ya 3, inataja miongoni mwa vyakula vilivyoharamishwa mnyama aliyechinjwa juu ya nusub, na wafasiri wameeleza kwamba nusub ni mawe yaliyosimikwa ambayo Waarabu wa zama za ujinga walichinja kwayo na kuyapaka damu. Ukisoma maelezo yao kisha ukafikiria uani kwenu, huhitaji ustadhi akufafanulie. Nyama ile hatuli. Mbuzi wa kazi ile hatumchangii, hata kwa shilingi mia tano. Na ni ajabu kidogo kwamba Walugbara wenyewe walimjua Mungu mmoja Muumba, Adroa, lakini kwa kawaida hawakumchinjia yeye. Waliona yuko mbali, na wafu wako karibu. Hii ndiyo hali ile ile ya Makureshi ambayo Qur'ani inaitaja mara nyingi: ukiwauliza nani aliyeumba mbingu na ardhi, watasema Allah.

Sasa tusikilize hoja ya wanaotaka kuvunja, tena kwa nguvu zake zote. Katika Sahihi Bukhari kuna maelezo ya Ibn Abbas juu ya majina matano yaliyotajwa katika Suratu Nuh: Wadd, Suwa, Yaghuth, Ya'uq na Nasr. Anasema walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuh. Walipokufa, shetani aliwatia watu wao fikira ya kusimika alama mahali walipokuwa wakikaa na kuziita kwa majina yao. Wakafanya hivyo, na hawakuziabudu. Kizazi kile kilipokufa na elimu ikapotea, ndipo zilipoabudiwa. Mwenye kuvunja anasema: unaona? Shirki yote ya dunia ilianza na jiwe la kumbukumbu. Hakuna jiwe lisilo na hatari.

Hoja hii siipuuzi. Ni kweli kwamba alama zile zilikuwa hatua ya kwanza, na Mtume (S.A.W.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa juu yake na kujengewa, kama alivyopokea Jabir katika Sahihi Muslim. Na humo humo kuna habari ya Ali (R.A.) aliyemwambia Abul-Hayyaj kwamba anamtuma kwa kazi ile ile aliyotumwa na Mtume: asiache sanamu bila kuifuta wala kaburi lililoinuliwa bila kulisawazisha. Lakini turudi kwa Ibn Abbas tumsome mpaka mwisho. Alama zilikuwepo kizazi kizima bila kuabudiwa, na kilichofungua mlango ni kupotea kwa elimu. Watu walibaki na jiwe, wakasahau mtu. Mtu anayejulikana alizaliwa wapi, alioa nani, aligombana na nani juu ya shamba lipi, na alikufa kwa ugonjwa gani, ni vigumu kumfanya mungu. Anayefanywa mungu ni yule ambaye limebaki jina lake tu na hofu yake.

Tena Mtume mwenyewe aliweka jiwe. Alipozikwa Uthman bin Madh'un (R.A.), ndugu yake wa kunyonya na miongoni mwa Muhajirina wa kwanza kufa Madina, Mtume alimwagiza mtu alete jiwe. Yule mtu alishindwa kulibeba. Mtume akakunja mikono ya kanzu yake, akalibeba mwenyewe, akaliweka kichwani pa kaburi, akaeleza kwamba ni ili alitambue kaburi la ndugu yake na azike karibu yake atakayekufa katika jamaa zake. Hadithi hii iko katika Sunan ya Abu Dawud. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara napenda jinsi inavyotaja ile mikono ya kanzu iliyokunjwa. Jiwe lile halikuandikwa sifa, halikunakshiwa, halikujengewa kuba. Lilikuwa alama ya kumtambua mtu na kuwakusanya jamaa mahali pamoja.

Mtu atasema: huyo alikuwa Sahaba, usimlinganishe na mzee wa Adumi aliyekufa hajapiga hata sijda moja. Ni kweli, na hapa ndipo penye uzito wa swali lote. Tufanye nini na wafu wetu wasiokuwa Waislamu? Jiwe ni dalili tu. Ugonjwa ni kwamba hatujui tusimame wapi mbele ya watu waliotuzaa ambao hatuwezi kuwaswalia.

Jawabu ninaloliona liko kwenye kaburi la Bibi Amina bint Wahb. Mama yake Mtume alifariki Abwa, kati ya Makka na Madina, mwanawe akiwa mtoto wa miaka sita. Miaka mingi baadaye Mtume alilizuru kaburi lake, akalia mpaka waliokuwa naye wakalia. Abu Huraira amepokea katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alieleza kuwa alimwomba Mola wake ruhusa ya kumtakia mama yake maghufira, hakupewa; akaomba ruhusa ya kulizuru kaburi lake, akapewa. Kisha akawaambia watu wazuru makaburi kwani yanakumbusha mauti.

Tuitazame hadithi hii polepole. Maombi mawili yaliombwa mahali pamoja kwa ajili ya mtu mmoja. Moja lilizuiwa na moja likaruhusiwa. Kama kumzuru mtu na kumwombea vingekuwa kitu kimoja, vingezuiwa vyote au vingeruhusiwa vyote. Allah amevitenganisha. Ameacha nafasi katikati, nyembamba lakini ipo, ambayo mtoto anaweza kusimama juu ya kaburi la mzazi wake, akatokwa na machozi, akalijua ni kaburi la nani, bila kusema neno la ibada. Wanaotaka kuvunja hawaioni nafasi hii, kwa kuwa kwao kila kumbukumbu ni ibada iliyojificha. Wanaosema utamaduni hawaioni pia, kwa kuwa kwao kumwaga pombe juu ya jiwe ni kumbukumbu tu. Mtume (S.A.W.) alisimama ndani yake.

Najua wanavyuoni wamezungumza mengi juu ya wazazi wa Mtume. Imam Suyuti aliandika risala kadhaa kuthibitisha kwamba wameokoka, na wapo waliompinga. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana nafasi ya kuukata mjadala huo. Lakini mjadala wenyewe una faida kwetu, kwa sababu umesimama juu ya suala la ahlul-fatra, watu waliokufa kabla ya ujumbe kuwafikia. Suratul-Israa, aya ya 15, inasema kwamba Allah haadhibu mpaka apeleke mjumbe. Imam Ghazali, katika kitabu chake Faysal at-Tafriqa, amewagawa wasioamini katika makundi matatu. Kuna ambao hawakulisikia hata jina la Muhammad. Hao wana udhuru. Kuna walioishi jirani na Waislamu, wakazijua sifa zake na miujiza yake, kisha wakakataa. Hao hawana udhuru. Na kuna kundi la katikati, waliolisikia jina lake lakini wakaelezwa habari za uongo juu yake. Hao Ghazali anawahesabu pamoja na wa kwanza, maana habari ya namna ile haimsukumi mtu kutafuta ukweli.

Ghazali alifariki mwaka 1111 huko Tus, hakuijua Arua. Lakini soma historia ya mkoa wetu ukiwa na kundi lake la tatu akilini. Waliokuja kwanza kutoka kaskazini na majina ya Kiislamu hawakuwa walinganiaji. Walikuwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum, walioenea Ikwetoria miaka ya 1850 na 1860 na bunduki na ngome zao za miti. Baada yao yalikuja majeshi ya serikali ya Misri, na katika miaka ya 1880 Emin Pasha akaweka makao yake Wadelai, kando ya Nile. Kutokana na askari wale tumepata ndugu zetu Wanubi, na kwa mikono yao dini ilikita mizizi Arua, Koboko na Yumbe, Allah awalipe. Hata hivyo, bibi wa kijiji cha Adumi wa mwaka 1865, aliyesikia mlio wa bunduki akakimbia na mtoto mgongoni, alipata habari gani ya Muhammad (S.A.W.)? Kama alisikia jina lake, alilisikia kwa mtu aliyekuja kumkamata mwanawe. Nani kati yetu atathubutu kusema kwamba ujumbe ulimfikia na akaukataa?

Sisemi kwamba ameokoka. Hilo ni la Mola wake. Nasema tu kwamba anayepiga teke jiwe lake kwa sababu ni la kafiri amejipa cheo cha hakimu kwenye kesi ambayo hata Ghazali aliipeleka kwenye rehema. Na sisi ambao dini ilitufikia kupitia njia zile zile zilizopitisha minyororo, tungekuwa na haya kidogo.

Lipo jambo jingine ambalo wavunjaji hawaliulizi: jiwe ni la nani? Mara nyingi si lako. Ni la ukoo, na katika ukoo wamo wasiokuwa Waislamu ambao Allah hakukupa mamlaka juu yao. Mtume alikaa Makka miaka 13 baada ya kupewa utume akiswali karibu na Al-Kaaba, na masanamu yameizunguka. Hakuvunja. Mwaka wa 7 wa Hijra alirudi kwa Umra kwa makubaliano, akatufu na masahaba wake huku masanamu yakiwa pale pale. Hakuvunja. Aliyaondoa yote 360 mwaka wa 8, mji ulipokuwa mkononi mwake na wenyewe wamesalimu amri. Kisa cha Ibrahim (A.S.) na shoka lake tunakipenda, nami nakipenda, lakini yule alikuwa Nabii anayesimamisha hoja mbele ya watu wake, ndiyo sababu alimwacha sanamu mkubwa ili waulizwe swali. Kijana anayevunja usiku kisha akapanda basi la Kampala asubuhi hajasimamisha hoja yoyote. Amewaachia wazazi wake kesi. Na Suratul-An'am, aya ya 108, inatukataza kuwatukana wanaoabudiwa badala ya Allah, wasije wenyewe wakamtukana Allah kwa chuki na kutojua. Atakayeharibu jiwe la babu wa watu, maneno watakayoyasema juu ya dini yetu sokoni ni juu yake.

Historia ya umma wetu inaonyesha kwamba kuacha mawe yasimame si udhaifu wa imani. Mwaka wa 9 wa Hijra, katika safari ya Tabuk, jeshi la Waislamu lilipita Al-Hijr, penye majumba yaliyochongwa ndani ya miamba. Mtume aliwaambia masahaba wasiingie kwa wale waliodhulumu nafsi zao ila wakiwa wanalia, akajifunika kichwa, akaharakisha mwendo. Aliwakataza hata maji ya visima vya kaumu ile, isipokuwa kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Swaleh. Alikuwa na jeshi kubwa, na hakuamuru nyundo hata moja. Majumba yale yapo mpaka leo. Wanahistoria wanasema mengi ya tunayoyaona sasa ni makaburi ya Wanabatia, 111 kwa hesabu ya UNESCO, na 94 kati yake yana nakshi, na mwaka 2008 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Misri nayo iliingia Uislamu mikononi mwa masahaba, na piramidi hazikuguswa. Mtawala mmoja, Al-Aziz Uthman mtoto wa Salahuddin, mnamo 1196 alijaribu kuibomoa ile ndogo kati ya zile tatu za Giza. Wafanyakazi walihangaika miezi minane, wakaishia kulitoboa ubavu, wakaenda zao. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyepita Misri siku zile, ameandika juu ya kazi hiyo, na hakuisifu hata kidogo. Yeye aliona mabaki ya waliotangulia ni mafunzo kwa mwenye kutazama.

Hata jirani zetu wa Afrika Mashariki wana mawe kama haya, tena yaliyochongwa kuliko yetu. Huko Tiya, kusini mwa Addis Ababa, yamesimama mawe 36 juu ya makaburi ya kale, na 32 kati yake yamechongwa, mengi kwa alama za panga. Lokori, nchi ya Waturkana, kuna makaburi yaliyozungushiwa mawe yenye alama zinazofanana na chapa za mifugo, na Waturkana huyaita Namoratunga, watu wa mawe, kwa hadithi yao ya wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam, wachimbaji waliandika mwaka 2018 kwamba chini ya nguzo za mawe za miaka kama 5,000 iliyopita wamelala watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto, na hakuonekana aliyezikwa kama bwana juu ya wenziwe. Hilo la mwisho lilinigusa. Wafugaji wale hawakuwa na kitabu, na kwenye mauti walijua kwamba watu ni sawa.

Linganisha na sisi. Pita leo kwenye nyumba za Waislamu, Arua mpaka Koboko, utaona makaburi uani yamejengwa kwa saruji, yamepambwa vigae vya bafuni, mengine yana paa na uzio wa chuma kuliko nyumba wanayolala watoto wa marehemu. Jina, tarehe, picha. Hadithi ya Jabir hapo imekwenda wapi? Orijo ya mzee wa kale ni mawe matano ya kuokota mtoni, na sisi tunamwita mshirikina kwa ulimi ambao bado una deni la saruji. Suratut-Takathur inaanza kwa kuwalaumu watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi mpaka wakayafikia makaburi, na wafasiri wengine wamesema walifika hata kuhesabiana wafu wao kwa kujifaharisha. Mtoto wa Koboko aliyejulikana kuliko wote duniani, Idi Amin, ambaye kila mtu ana lake la kusema juu yake, alifariki Jeddah Agosti 2003 akazikwa makaburi ya Ruwais, kaburi la kawaida kabisa. Katika hilo moja tungeweza kuiga.

Pwani nako wazee wetu Waislamu walijenga makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe, wakayachonga na kuyapachika bakuli za Kichina. Kaburi moja la Gede lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399. Mwanachuoni mkali angeyakosoa, na angekuwa na dalili. Lakini ni makaburi hayo ndiyo yanayotuambia leo kwamba pale palikuwa na Waislamu waliosoma na kuandika miaka mia sita iliyopita. Siyatetei, naeleza kwamba jiwe linaweza kuwa kosa la aliyelijenga na wakati huo huo likawa shahidi kwa anayekuja baadaye.

Basi niseme ninachokiona katika jambo letu. Penye kuchinjwa mpaka leo, tusishiriki, tusichangie, tusile, na tuwaeleze jamaa sababu kwa adabu, mapema, si siku ile mbuzi ameshafungwa. Mjomba akikasirika, Suratu Luqman, aya ya 15, imekwisha tupa mwenendo: wazazi wakikushurutisha ushirikishe usiwatii, na ukae nao kwa wema duniani. Wema huo una gharama. Asiyechangia mbuzi wa orijo achangie zaidi matibabu ya mgonjwa yule yule, aende mwenyewe kuwapatanisha waliogombana, na akichinja akika au sadaka amwite mzee asiye Mwislamu akae mbele, apewe sehemu yake ya nyama kama alivyokuwa akiitoa yeye. Ndivyo baraza lile litakavyohama kutoka kwenye jiwe.

Orijo iliyoachwa, isiyochinjiwa na mtu tena, iliyo kwenye fungu lako la urithi, ukoo ukikubali waweza kuiondoa kwa mkono wako mchana mbele ya wazee, bila matusi, mawe ukayapanga pembeni au ukayatumia kwenye msingi. Kufanya hivyo ni kuamini alichokisema Umar (R.A.) alipokuwa akilibusu Jiwe Jeusi, kwamba analijua ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha. Anayeogopa kuligusa jiwe la orijo na anayelishambulia kwa hasira, wote wawili bado wanaliamini. Makaburi, hayo yaacheni. Kaburi la mtu halichimbwi ili ipatikane nafasi ya choo cha kupangisha, awe Mwislamu au asiwe. Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa ni la Myahudi akauliza kama huyo si nafsi.

Na likizo hii, kabla mambo hayajawa ya msingi na ramani, chukueni daftari. Mzee yule asiye na dini ana umri mkubwa. Anajua jiwe la kwanza ni la nani na kwa nini la tatu limelala. Anajua masimulizi ya Jaki na Dribidu, mababu ambao Walugbara husema walikufa milimani, huyu Liru upande wa Koboko na yule Wati, na wana wao wakasambaa mpaka kila ukoo ukajua unakotoka. Mwulizeni majina mpaka jina la mwisho analolijua, na mandike pia mabaya yao, nani alikuwa mkali, nani aliuza ng'ombe wa mahari. Atakapotaka kuwapeleka makaburini, nendeni naye. Atamwaga kidogo chini kama alivyozoea, ninyi msimwage. Msisome Fatiha, msimwombe aliyelala pale, msimwombee kwa dua ya maiti Mwislamu. Simameni tu upande wake mpaka amalize, kisha mshikeni mkono, njia ya kurudi ina mteremko.